Jina na Jicho: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Tishu za Epithelia kwa Kuangalia Kutoka Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi zinazomjia mfasiri kwa wepesi anapotaja kwa Kiswahili aina za tishu za epithelia zinazotambuliwa kwa hadubini. Hoja yake kuu ni kwamba jina la aina ya epithelia ni muhtasari wa maamuzi ambayo jicho limefanya juu ya kioo, na kwa hiyo istilahi ipimwe kwa kuuliza kama inamwongoza msomaji kuyafanya maamuzi hayo tena. Kwa kipimo hicho, maneno kama "rahisi", "safu", "bandia" na "mpito" yanaonekana kuwa na kasoro zinazoweza kupotosha utambuzi, ilhali Kiswahili kina maneno mengine yaliyo wazi zaidi, na mara nyingine wazi kuliko ya Kiingereza. Makala inatumia historia ya patholojia ya Kampala kuonyesha uzito wa jina, na inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza makala kuhusu uvimbe uliokuwa ukishambulia mataya ya watoto wa Afrika. Katika anwani ya makala hiyo uvimbe uliitwa sarkoma. Kufikia mwaka 1961 Gregory O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyefanya kazi Kampala pamoja na J. N. P. Davies, alikuwa ameonyesha kwa ushahidi wa hadubini kwamba uvimbe huo ni limfoma. Mataya yalikuwa yaleyale na ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina ilibadilika njia ya kufikiria tiba. Sarkoma ya taya humwita mpasuaji na kisu chake. Limfoma humwelekeza tabibu kwenye dawa zinazosambaa mwilini mzima. Burkitt mwenyewe, aliyekuwa mtu wa kisu, alikuja kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuutibu uvimbe huo kwa dawa za kemikali. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zilizokuzwa kutoka kwenye vipande vya uvimbe huo vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967.

Kisa hiki kinajulikana sana katika historia ya tiba, lakini wanaisimu hawajakitilia maanani inavyostahili. Kinaonyesha kwamba jina la tishu ni hukumu. Tunaposema karsinoma, tunasema kwamba saratani imeanzia kwenye epithelia, yaani tishu inayofunika nyuso za mwili na kutanda ndani ya mirija na mashimo yake. Tunaposema sarkoma, tunasema imeanzia kwenye tishu unganishi kama mfupa, au kwenye misuli. Tunaposema limfoma, tunasema imeanzia kwenye seli za limfu. Mgonjwa na jamaa zake huijua saratani kwa kiungo: ya taya, ya titi, ya shingo ya kizazi. Waganda wengi huiita kookolo, na huongeza jina la kiungo. Tabibu huijua kwa tishu. Kati ya majina hayo mawili pana pengo, na lugha itakayotumika hospitalini haina budi kulijaza.

Suala hili si la nadharia tupu nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi huo, pamoja na kufanya Kiswahili somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inayopewa cheo hupaswa kupewa na kazi. Elimu ya tishu ni mahali pazuri pa kupimia kazi hiyo, kwa kuwa istilahi zake ni chache, zinafuata utaratibu, na kosa lake hugharimu.

2.0 Maamuzi ya jicho

Ili kuhakiki jina, ni lazima kwanza ieleweke kazi ambayo jina hilo linafupisha. Kipande cha tishu hukaushwa maji, huzamishwa katika nta na kukatwa chembamba sana, kwa kawaida unene wa maikromita 3 hadi 5. Kisha hutiwa rangi, mara nyingi hematoksilini na eosini, ambazo huvipa viini vya seli rangi ya buluu au zambarau na sehemu zinazovizunguka rangi ya waridi. Mpaka kati ya seli na seli mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo mtazamaji hukitegemea kiini: kiini kilicholala bapa huashiria seli bapa, kiini cha mviringo kilicho katikati huashiria seli ambayo urefu na upana wake vinakaribiana, kiini kirefu, kilichosimama karibu na chini, huashiria seli ndefu.

Mtazamaji huuliza maswali kwa mpangilio. La kwanza: uso huru uko wapi, na utando msingi uko wapi? La pili: kati ya hivyo viwili kuna tabaka moja la seli au matabaka mengi? La tatu: seli zilizo kwenye uso huru zina umbo gani? La nne: juu yake au kati yake kuna kitu cha ziada, kama silia, keratini au seli zinazotoa ute? Swali la tatu lina sharti ambalo mwanafunzi husahau kwa urahisi: pale penye matabaka mengi, aina hutajwa kwa umbo la seli za juu peke yake. Epithelia ya ngozi ina seli za chini zenye umbo la mchemraba au nguzo, lakini huhesabiwa kuwa ya seli bapa kwa sababu zilizo juu ndizo bapa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kisu kikipita mshazari badala ya wima, tabaka moja huonekana kama mengi. Jina zuri haliwezi kuuondoa mtego huo, lakini linaweza kumkumbusha mtazamaji kile anachopaswa kukihakikisha kabla ya kutamka.

3.0 Uhakiki wa istilahi

3.1 "Rahisi" dhidi ya "tabaka moja"

Kiingereza huiita epithelia ya tabaka moja kwa kivumishi ambacho, kikitafsiriwa neno kwa neno, huwa "rahisi". Mfasiri anayefuata njia hiyo huandika "epithelia rahisi". Neno hilo halisemi lolote kuhusu idadi. Mwanafunzi wa Kiswahili ataelewa kwamba ni tishu iliyo nyepesi kutambua, au isiyo na mambo mengi. Kumbe ukuta wa utumbo mwembamba, wenye tabaka moja, una kazi nzito na muundo wenye mengi. Kiswahili hakilazimiki kurithi udhaifu wa lugha nyingine. "Ya tabaka moja" hutaja hasa kile jicho lilichohesabu, na jozi yake, "ya matabaka mengi", hujileta yenyewe bila kuhitaji kueleza.

3.2 "Magamba" dhidi ya "bapa"

Jina la kimataifa la seli bapa linatokana na neno la Kilatini la gamba la samaki. Mfasiri anayependa asili ya neno atasema "seli za magamba". Taswira hiyo ina haki yake: zikitazamwa kutoka juu, kama katika chembe zilizokwanguliwa ndani ya shavu, seli hizo ni pana na nyembamba kama magamba. Lakini katika Kiswahili gamba ni kitu kigumu kinachobanduka, na mgonjwa aliyeelezwa kwamba ana "saratani ya magamba" atayatafuta magamba juu ya ngozi yake. "Bapa" halina mzigo huo. Linataja umbo tu, na ni neno la kila siku.

Hata hivyo, "bapa" halitoshi pale penye matabaka mengi. "Epithelia bapa ya matabaka mengi" inaweza kusomwa kana kwamba kila tabaka ni bapa, jambo lisilo kweli. Msemo "epithelia ya matabaka mengi yenye uso bapa" ni mrefu kidogo, lakini unabeba ndani yake sharti la kutaja kwa seli za juu. Mwanafunzi anayelijua jina hilo ameshaijua na kanuni.

3.3 "Mchemraba", "safu" na "nguzo"

"Mchemraba" ni istilahi iliyozoeleka katika hisabati, na inafaa. Tahadhari moja tu inahitajika: mwanafunzi haoni mchemraba chini ya hadubini, huona mraba, kwa kuwa kipande kilichokatwa kina sura ya bapa. Mwalimu anapaswa kulisema hilo waziwazi tangu somo la kwanza, la sivyo mwanafunzi atatafuta kitu kisichoweza kuonekana.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye seli ndefu. Neno "safu" lina mvuto kwa sababu katika majedwali hutumika kwa mistari ya wima. Lakini Kiswahili husema pia safu ya milima, safu ya askari na safu ya meno. Katika matumizi hayo safu ni mpangilio wa vitu vilivyofuatana, hata kwa mlalo. Msomaji wa "epithelia safu" anaweza kuelewa ama seli zilizo ndefu, ama seli zilizopangwa kwa mistari, na hata tishu yenye tabaka juu ya tabaka. Maana hii ya mwisho ndiyo hatari, kwa sababu inaingilia swali la pili la mtazamaji, lile la kuhesabu matabaka. Neno moja haliwezi kujibu maswali mawili bila kuyachanganya. "Nguzo" haina utata huo: nguzo husimama, ni ndefu kuliko upana wake, na moja ni moja. "Epithelia ya tabaka moja la seli nguzo" hujibu swali la idadi kwanza, kisha la umbo, kwa mpangilio uleule wa jicho.

3.4 "Bandia" na viini vilivyopishana

Katika njia ya hewa, kutoka puani hadi kwenye matawi ya mapafu, kuna epithelia inayoonekana kuwa na matabaka mengi ilhali ina moja. Kila seli imeukanyaga utando msingi, lakini si zote zinazofika juu, na viini vyake viko kwenye vimo tofauti. Kwa Kiingereza jina lake husema kwamba matabaka hayo ni ya uongo, na mfasiri hukimbilia "matabaka bandia".

Neno "bandia" kwa Kiswahili lina mtu nyuma yake. Noti bandia imetengenezwa na mwenye nia ya kudanganya. Dawa bandia imeuzwa na mhalifu. Katika hospitali ambako dawa bandia ni tishio halisi, kumwandikia mtu kwamba ana epithelia bandia ni kumtia hofu bila sababu. Tishu hiyo haikumdanganya mtu. Mtazamaji ndiye aliyehesabu viini akadhani amehesabu matabaka. Jina bora litaje kinachoonekana: "epithelia ya tabaka moja yenye viini vilivyopishana". Hapa Kiswahili kinaipita lugha ya asili ya istilahi, kwa kuwa kinaeleza chanzo cha kosa badala ya kulitangaza kosa lenyewe.

3.5 "Mpito" na mgongano wa viungo viwili

Kibofu cha mkojo na mirija inayoelekea humo hutandwa na epithelia ya matabaka mengi ambayo seli zake za juu hutuna kama kuba kibofu kikiwa kitupu, na hutandazika kinapojaa. Wataalamu wa zamani waliiita ya mpito kwa kudhani iko kati ya aina ya bapa na aina ya nguzo. Dhana hiyo imeachwa, na wataalamu wengi sasa huitaja kwa jina la mfumo wa mkojo, lakini jina la kale bado limo vitabuni. Kiswahili kikilitafsiri kuwa "epithelia ya mpito" kitakuwa kimerithi dhana iliyokwisha kuachwa na wenyewe.

Kasoro hiyo ingekuwa ndogo kama neno "mpito" lisingehitajika kwingine. Katika shingo ya kizazi, sehemu ya nje inayoelekea ukeni imefunikwa na epithelia ya matabaka mengi yenye uso bapa, na mfereji wa ndani una tabaka moja la seli nguzo. Mpaka kati ya hizo mbili husogea katika maisha ya mwanamke: seli nguzo zinazojitokeza upande wa uke hugeuka polepole na nafasi yake kuchukuliwa na seli bapa. Katika eneo hilo la kugeuka ndimo saratani ya shingo ya kizazi huanzia mara nyingi, kutokana na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake nchini Uganda, na ndiyo sababu nchi ilianzisha chanjo ya virusi hivyo kwa wasichana kitaifa mwaka 2015.

Muuguzi anayechunguza kwa kupaka asidi ya siki na kutazama weupe kwa macho hulitafuta eneo hilo hasa. Asipouona mpaka wote, hawezi kutegemea jibu lake, na mwanamke anahitaji uchunguzi wa namna nyingine. Basi "eneo la mpito" likitumika kwa shingo ya kizazi, na "epithelia ya mpito" kwa kibofu, ripoti mbili za viungo viwili jirani zitatumia neno moja kwa mambo yasiyohusiana. Uvimbe wa kibofu unaweza kupenya hadi viungo vya uzazi, na wa shingo ya kizazi unaweza kupenya hadi kibofu; kwa mgonjwa wa namna hiyo utata wa neno si jambo la darasani tena.

Pendekezo la makala hii ni kwamba epithelia ya kibofu iitwe "epithelia nyumbufu", kwa kuwa kunyumbuka ndiyo sifa inayoonekana, na mahali pa kugeuka katika shingo ya kizazi paitwe "eneo la mageuzi". Neno "mageuzi" litafaa pia kokote tishu moja inapochukua nafasi ya nyingine. Kichocho cha mkojo, kinachofahamika sana Unguja na Pemba, kikikaa kibofuni kwa miaka mingi huweza kuifanya epithelia nyumbufu igeuke kuwa ya uso bapa, na humo saratani ya seli bapa ikaanza. Sentensi hiyo inaeleweka. Ikiandikwa kwamba "epithelia ya mpito imepita kuwa ya magamba", haieleweki.

4.0 Hoja ya utohoaji na mipaka yake

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu wote ungeepukwa kwa kutohoa kila kitu. Mwanafunzi wa tiba wa Makerere anasoma kwa Kiingereza. Akipewa maneno yaliyotoholewa atayatambua mara moja, na atazungumza na wenzake wa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko bila kikwazo. Hoja hii ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Maneno "epithelia", "karsinoma", "sarkoma" na "limfoma" yametumika katika makala hii kwa umbo hilo, na ni sawa yabaki hivyo. Yanataja koo, na ukoo hauonekani kwa jicho. Hujulikana kwa elimu inayotangulia.

Lakini umbo na idadi huonekana. Hapo utohoaji humnyima msomaji msaada ambao lugha yake ingempa bure. Mtu anayesoma "bapa" au "nguzo" anaweza kulinganisha neno na kioo papo hapo. Anayesoma neno lililotoholewa ni lazima kwanza akariri. Kanuni inayopendekezwa basi ni hii: kinachotaja ukoo kitoholewe, kinachotaja kinachoonekana kisemwe kwa Kiswahili. Kanuni hii inawahudumia wote wawili, mwanafunzi anayevuka mipaka ya nchi na muuguzi anayeeleza ripoti kwa mgonjwa.

Tofauti huonekana wazi majina yakiwekwa katika sentensi. Ripoti moja ingeweza kusema: "Epithelia rahisi ya safu imeonekana katika eneo la mpito." Nyingine ingesema: "Epithelia ya tabaka moja la seli nguzo imeonekana katika eneo la mageuzi." Ya kwanza ni fupi kwa maneno matatu, lakini inamhitaji mtu anayejua Kiingereza ili aielewe. Ya pili inajitosheleza.

5.0 Maana yake kwa sera

Kazi kubwa imekwisha kufanyika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba sayansi inaweza kupewa istilahi kwa utaratibu. Lakini kamusi inayopangwa kwa alfabeti huzitawanya istilahi za ukoo mmoja katika kurasa za mbali, na mgongano kama ule wa "mpito" hauonekani mpaka mtu azikusanye. Mambo matatu yanafuata.

Kwanza, istilahi za tishu zitungwe na kusanifiwa kwa mkusanyiko, si neno moja moja, ili kila jina lipimwe dhidi ya jirani zake. Pili, kabla ya kupitishwa zijaribiwe kwenye hadubini: wanafunzi wapewe vioo na majina, na ionekane kama majina yanawafikisha kwenye utambuzi sahihi. Meza ya wanaisimu pekee haitoshi, kwa sababu kasoro ya "safu" haionekani mezani, huonekana kwenye kioo. Tatu, kwa Uganda, kazi hii iunganishwe na elimu ya afya kwa umma, ambako majina ya viungo na majina ya tishu yawekwe pamoja katika maelezo anayopewa mgonjwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuziunganisha juhudi hizo ili Kampala isitumie neno moja na Dodoma jingine.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi nne zinazokuja kwa wepesi, yaani "rahisi", "safu", "bandia" na "mpito", zina kasoro ya namna moja: zimefuata neno la kigeni badala ya kufuata kinachoonekana. Badala yake zimependekezwa "ya tabaka moja", "nguzo", "yenye viini vilivyopishana" na "nyumbufu", pamoja na "eneo la mageuzi" kwa shingo ya kizazi. Historia ya Mulago inakumbusha kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walianza kupata tiba inayofaa baada ya jina la tishu kurekebishwa. Marekebisho hayo yalifanyika kwa Kiingereza, na wazazi wa watoto hao wangeyasikia kupitia mkalimani tu. Kiswahili kikitaka kuwa lugha rasmi ya Uganda kwa vitendo, kinapaswa kuwa na maneno ambayo mwanapatholojia anaweza kuyaandika, muuguzi akayasoma, na mama akaelewa kile alichokutwa nacho.